Nani alichimba visima vya Wajir?

*Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuna makaburi ya mawe na visima ambavyo wenyeji wa leo husema walivikuta. Wanaakiolojia hawajavigusa ipasavyo, na sasa greda za barabara zimewatangulia.*

Jua halijapanda vizuri na tayari ngamia wamejipanga Orahey, mjini Wajir. Mwanamume amesimama ukingoni mwa kisima, ameshika kamba, anashusha dumu la plastiki lililokatwa mdomo. Hahitaji kamba ndefu. Maji yako karibu, ndani ya mwamba wa chokaa, na akivuta mara chache tu dumu linafika juu, linamiminwa horini na kurudishwa chini. Anavuta huku akiimba, kwa sababu wafugaji wa Kisomali wana nyimbo za kunyweshea ngamia, na mnyama aliyezoea wimbo wake hutulia akanywa.

Maji kuwa karibu ndiko kulikoifanya Wajir iwe Wajir. Ndiko pia kulikoupa mji huu kero yake maarufu: choo cha shimo kikichimbwa hugusa maji ya visima, ndiyo maana wakazi wengi kwa miaka mingi walitumia vyoo vya ndoo. Katika nchi kavu inayoanzia ukingo wa Mto Tana hadi mpaka wa Ethiopia, mahali penye mamia ya visima vifupi ni mali isiyo na mfano.

Sasa uliza ni nani aliyevichimba. Utapewa majina ya koo, utapewa majina ya majitu, na pengine utatazamwa mara mbili kabla ya kujibiwa. Mjini Nairobi hilo ni swali la wanahistoria. Hapa ni swali la nani anywe kwanza wakati wa kiangazi.

Watu warefu wa Madanle

Simulizi iliyoenea Wajir, El Wak na ng'ambo ya mpaka kusini mwa Somalia inawataja Madanle. Walikuwa, inasemekana, watu warefu kupita kiasi na wenye nguvu za kutisha. Walitoboa mwamba kwa mikono yao, wakawarundikia maiti wao mawe makubwa, kisha wakaondoka au wakafukuzwa. Waliokuja baadaye walikuta visima vimeziba, wakavizibua.

Kila jamii iliyowahi kunywesha mifugo hapa ina namna yake ya kuisimulia habari hiyo. Waborana wanayo, Waajuran wanayo, Wagarre wanayo, na wapo wanaowahesabu Madanle kuwa jamaa zao wa damu. Mwanaanthropolojia Mjerumani Günther Schlee, katika kitabu chake cha 1989 kuhusu koo za kaskazini mwa Kenya, alionyesha jinsi ukoo mmoja unavyoweza kuwa na matawi ndani ya Wagabra, Warendille, Wasakuye na Wagarre kwa wakati mmoja. Katika mazingira hayo, kumkubalia jirani kwamba Madanle walikuwa babu zake ni kumkubalia pia kwamba kisima kilikuwa chake kabla hujafika.

Serikali ya kikoloni nayo ilitia mkono. Ilichora mstari wa kuwatenganisha Wasomali na wale iliowaita Wagalla, na katika miaka ya 1930 Waborana, waliohesabiwa miongoni mwa hao Wagalla, wakahamishwa kutoka Wajir kwenda Isiolo. Kwa hiyo hata kabla mwanaakiolojia hajachomeka koleo, ardhi hii tayari ina kesi.

> Kumkubalia jirani kwamba Madanle walikuwa babu zake ni kumkubalia pia kwamba kisima kilikuwa chake kabla hujafika.

Nadharia ya mwaka 1933

Makaburi yenyewe yaliingia kwenye maandishi ya kitaalamu mapema. Mwaka 1933 afisa wa Uingereza, A. T. Curle, alichapisha katika jarida la Man la London taarifa fupi kuhusu makaburi ya kale ya iliyokuwa Northern Frontier. Marundo ya mawe ya namna hiyo yametapakaa kote kaskazini: mengine ni duara tu, mengine yamezungushiwa safu ya mawe yaliyosimamishwa.

Mwaka huohuo mtafiti G. W. B. Huntingford alitangaza nadharia kubwa zaidi. Alisema mawe yote hayo ya Kenya, makaburi, mashimo ya kuchimbwa, matuta ya mashamba na visima, ni kazi ya ustaarabu mmoja aliouita wa Azania, ulioletwa na watu kutoka kaskazini waliotoweka. Nadharia ilipendeza enzi zake. Iliwaondolea Waafrika walioonekana machoni heshima ya kujenga chochote, na kuwapa watu ambao hawangeweza kuulizwa.

Haikudumu. John Sutton alipochunguza mashimo ya mawe ya nyanda za juu magharibi, na kuchapisha matokeo mwaka 1973, ilibainika kwamba yalikuwa maboma ya mifugo ya wafugaji wa huko huko, wahenga wa Wakalenjin. Ustaarabu wa Azania uliporomoka. Lakini kule Wajir na Mandera hakuna aliyekwenda na vipimo vya kutosha kuweka jibu jingine mahali pake, na ndiyo maana hadithi ya majitu bado ndiyo maelezo yanayosikika zaidi.

Lango lililofungwa

Garissa, Wajir na Mandera kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 125,000, eneo kubwa kuliko nchi nzima ya Malawi. Kwenye ramani za akiolojia ya Afrika Mashariki, pembe hiyo huachwa karibu tupu. Anayeitazama ramani kwa haraka atadhani hapakuwa na watu.

Sababu ni ya kisiasa kuliko ya kitaalamu. Tangu 1926 wilaya za mpakani kaskazini zilikuwa eneo lililofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru kukaja Vita vya Shifta, vya kudai kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizoendelea hadi 1991. Mwaka huo huo Somalia ikaanguka, na kambi za Dadaab zikaanza kujaa wakimbizi. Kisha ukaja ugaidi, ambao kilele chake kwa Garissa kilikuwa 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika chuo kikuu.

Linganisha na upande wa magharibi. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya bunduki za Shifta kunyamaza, Richard Leakey alianza kazi Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu alipata huko Nariokotome mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, na jina la Kenya likatajwa duniani kote. Mwaka huohuo, mwezi Februari, uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir uliingia kwenye historia kwa mauaji. Hakuna chuo kikuu ambacho kingewapeleka wanafunzi wake kuchimbua huko.

Zipo juhudi chache. David Phillipson alichimbua Ele Bor, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Ethiopia, na kuonyesha watu waliowinda na kusaga nafaka za mwituni wakati nchi ilipokuwa na mvua zaidi ya leo. George Abungu, ambaye baadaye aliongoza Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, aliandika tasnifu yake ya Cambridge ya 1989 kuhusu jamii za Mto Tana na uhusiano wao na watu wa delta, kuanzia karne ya 8 hadi 1890. Kazi yake ni dawa kwa anayedhani kwamba pwani ya Waswahili na bara kavu zilikuwa dunia mbili. Mto ulikuwa njia.

Majirani wanasimulia

Kwa kuwa Garissa na Wajir hazijachimbuliwa, inabidi kuwasikiliza majirani.

Kati ya miaka 11,000 na 5,000 iliyopita, Sahara na kaskazini mwa Kenya zilikuwa na mvua nyingi. Maji ya Ziwa Turkana yalipanda makumi ya mita juu ya yalipo sasa. Lowasera, upande wa mashariki wa ziwa, Phillipson alikuta makazi ya wavuvi waliochonga vyusa vya mfupa, mahali ambapo leo mvuvi angehitaji usafiri kwenda ufukweni. Ni vigumu kuamini kwamba mvua hiyo iliishia Marsabit. Mto Ewaso Ng'iro, ambao siku hizi hufia kwenye kinamasi cha Lorian, una mkondo mkavu unaoendelea mbele: ile laga ya Dera inayopita kusini mwa Wajir na kaskazini mwa Garissa hadi ndani ya Somalia, kuelekea Juba. Kingo zake ndizo mahali pa kwanza ambapo mtafiti mwenye akili angetembea akiinamisha kichwa.

Kisha mvua zikakata. Ziwa likarudi nyuma, na katika vurugu hiyo wakaingia watu wenye mbuzi, kondoo na ng'ombe.

Watu hao hawakutawanyika kimya kimya. Lothagam, magharibi mwa Turkana, walichimba shimo pana kwenye mchanga hadi wakafika mwamba, wakazika humo wafu wao kwa karne kadhaa, kisha wakalifunika kwa kifusi na mawe na kusimamisha nguzo za basalti zilizobebwa kutoka mbali kidogo. Kundi la Elisabeth Hildebrand, Elizabeth Sawchuk na Katherine Grillo lililochapisha matokeo mwaka 2018 lilikadiria kwamba hapo wamelala watu wasiopungua 580, wa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita.

Inafaa kusogea karibu kidogo. Karibu kila aliyefukuliwa alikuwa na pambo: shanga za ganda la yai la mbuni, shanga za mawe ya rangi ya waridi, kijani na buluu. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno ya mbele ya panya wa jangwani. Wataalamu waliyahesabu wakapata 405, yaani panya zaidi ya 100 walinaswa, wakang'olewa meno na kila jino likapangwa kwa mkono, kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja. Na bado hapakuwa na kaburi la mfalme. Wazee, watoto na wanawake walilazwa pamoja, hakuna aliyetengwa kwa ukubwa. Nadharia ya kwamba majengo makubwa huhitaji mtawala wa kuamrisha ilipata pigo hapo, na lilipigwa na wafugaji.

> Panya zaidi ya 100 walinaswa kwa ajili ya pambo la kichwa cha mtu mmoja, na bado hapakuwa na kaburi la mfalme.

Upande wa mashariki kuna jirani mwingine. Kusini mwa Somalia, kati ya Juba na Shabelle, kilima cha mawe cha Buur Heybe kinasimama peke yake kwenye tambarare inayofanana mno na ya Garissa. Steven Brandt alichimbua huko miaka ya 1980 na kukuta makaburi ya wawindaji wa mwanzoni mwa kipindi kile cha mvua. Mmoja alizikwa na pembe za tandala wadogo. Ni miongoni mwa maziko ya zamani zaidi yenye zawadi kwa marehemu katika Pembe ya Afrika, na Somalia ilipoingia vitani utafiti ukakatika kwa miongo.

Wajir iko katikati ya Turkana na Buur Heybe. Wafugaji wa kwanza walipita wapi kuelekea kusini? Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 na Mary Prendergast na wenzake ulipima watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, na kuonyesha kwamba wafugaji walifika kwa awamu, wakichanganyika na wawindaji njiani. Mifupa hiyo ilitoka Bonde la Ufa na maeneo ya karibu. Hakuna hata mfupa mmoja uliotoka mashariki ya Marsabit.

Wawindaji walio hai

Mazungumzo ya wafugaji wa kale huwasahau watu wa Boni. Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni, wanaishi kwenye misitu ya Lamu na kusini mwa Garissa, upande wa Ijara na Hulugho. Wanasifika kwa urinaji wa asali wakimfuata mleamba, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki.

Mgeni huwaona akasema: hawa ndio mabaki ya watu wa kwanza. Lugha yao inakataa. Bernd Heine, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1978, aliiweka lugha ya Kiaweer katika familia moja na Kisomali na Kirendille. Wapo wataalamu wanaoona kwamba wahenga wao walikuwa na mifugo wakaipoteza, wakaingia msituni. Wengine wanaona ni wawindaji wa asili waliopokea lugha ya wafugaji waliokuwa wakifanya nao biashara. Mabishano haya yangepungua kama msitu ungechimbuliwa. Septemba 2015 uligeuzwa uwanja wa operesheni ya kijeshi iliyoitwa Linda Boni, na Waaweer wenyewe wakazuiliwa kuingia sehemu walizokuwa wakirina asali.

Greda na sheria

Kilichobadilika sasa ni lami. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Modogashe na Wajir hadi Mandera inajengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na ile ya Lamu, Ijara na Garissa iko chini ya LAPSSET, mpango wa ukanda wa usafiri unaoanzia bandari ya Lamu. Mtu aliyewahi kukwama siku mbili kwenye tope la Habaswein hatapinga barabara, na makala haya hayapingi. Mgonjwa wa kupelekwa rufaa Garissa anaihitaji kuliko mwanaakiolojia.

Ila barabara hula mawe. Hula murramu, changarawe na kokoto, na katika nchi tambarare mwinuko wenye mawe ndio mkandarasi anaoutafuta. Ndio pia watu wa kale waliouchagua kuzikia. Rundo la mawe lililokusanywa tayari, lisilo na uzio wala kibao, linamfaa mwenye lori kuliko mwamba wa kupasua.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kiakiolojia aijulishe taasisi ya makavazi ndani ya siku 7, na inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya 1895. Miradi mikubwa hulazimika kufanyiwa tathmini ya mazingira. Tatizo ni kwamba tathmini huorodhesha yale yaliyokwisha kusajiliwa, na kusajili kunahitaji mtu apite kwa miguu kwanza. Pembe tupu ya ramani inageuka kibali.

Katiba ya 2010 nayo iligawa kazi kwa namna ya ajabu kidogo: makumbusho ya mahali ni shughuli ya kaunti, minara ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu. Rundo la mawe kandokando ya laga ambalo hakuna aliyelitangaza kuwa na umuhimu wa kitaifa halina mwenyewe ofisini.

Waachwe walale?

Si kila mwenyeji anataka waliozikwa chini ya mawe hayo wafukuliwe. Kuna anayesema hao walikuwa kabla ya Uislamu, hawatuhusu, mawe yao yajenge ukuta. Kuna anayesema maiti ni maiti, kaburi halifunuliwi, hata la asiyejulikana dini yake. Na kuna anayehofia, kwa haki kabisa, kwamba kipimo cha vinasaba kikitoka maabara ya ng'ambo kitasomwa kwenye baraza la maji kama hati ya shamba.

Wanaakiolojia hujibu kwamba kazi nyingi haihitaji kugusa mfupa. Kaburi la Kiislamu linajulikana kwa macho. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Wajir, kwa hiyo kaburi hulala mashariki-magharibi, kichwa mashariki, maiti akiwa ubavu wa kulia akitazama kaskazini. Rundo la duara lisilofuata mwelekeo huo ni la desturi nyingine, na kuliandika tu kwenye ramani, kwa kipimo cha setilaiti na picha, ni hatua ambayo haijafanywa kwa mpangilio.

Hata makazi ya wahamaji huacha alama. Herio, yaani nyumba ya mfugaji, hubomolewa, miti na mikeka ikapakiwa ngamia, na mtu akidhani hakuna kilichobaki hukosea. Samadi hubaki. Fiona Marshall na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba mazizi ya wafugaji wa Narok yaliyoachwa tangu miaka 3,700 hadi 1,550 iliyopita bado yana udongo wenye rutuba kuliko mbuga inayoyazunguka. Mabaka hayo huonekana kutoka angani kwa rangi ya majani. Hakuna sababu ya kutojaribu njia hiyo kando ya laga ya Dera.

Visima vyenyewe ni vigumu zaidi. Kisima hakina umri unaopimika, kwa sababu kila kizazi hukisafisha na kutupa nje kilichomo, na mwamba wa chokaa hauhifadhi tarehe ya aliyeuchonga. Kinachopimika ni kile kilichotupwa. Mchanga uliofunikwa na kifusi cha kwanza cha wachimbaji haujaona jua tangu siku hiyo, na ipo mbinu ya maabara inayoweza kukadiria punje zake zimekaa gizani kwa muda gani. Sampuli huchukuliwa kwa bomba la chuma, usiku au chini ya turubai, na kuzibwa pande zote mbili.

Sharti ni kwamba kifusi kiwe hakijaguswa. Kwenye visima vilivyo katikati ya mji, vilivyozungushiwa saruji na kusawazishwa ili malori ya maji yafike, huenda nafasi hiyo imekwisha. Vya nje ya mji, kwenye njia ya kwenda El Wak, ndivyo vinavyofaa kuanziwa, na barabara mpya inaelekea huko huko.